Nimepewa wiki 6 kuandaa mkutano wa mawakala wa kampuni na muda unanikimbia, naombeni uzoefu

BintiTandika ameuliza:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko kitengo cha utawala kwenye kampuni moja hapa Dar, tunasambaza rangi na vifaa vya ujenzi. Kila mwaka kampuni inawaita mawakala wote wa mikoani kwa siku moja, asubuhi mkutano alafu jioni chakula na tuzo kwa waliouza vizuri. Miaka yote aliyekuwa anashughulika ni dada mmoja ambae saivi ameshahamia sehemu nyingine na hakuacha faili lolote, kila kitu kilikuwa kichwani kwake. Mwaka huu bosi kaniita kasema safari hii ni wewe, tarehe ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa 11, watu 220 ukijumlisha na sisi wafanyakazi, mgeni rasmi atatoka wizarani. Zilikuwa wiki 7, moja imeshaisha na katikati yake kulikuwa na sikukuu ya Nyerere kwaiyo hata hiyo moja haikuwa nzima.

Kinachoniumiza nimefanya kazi wiki nzima mpaka usiku na nikiangalia sioni kilichokamilika. Tumekaa vikao vitatu vya kamati kila kimoja masaa mawili, kuna grupu la WhatsApp la watu 14 ambalo halilali, rangi ya fulana imechaguliwa mara mbili na mara mbili imebadilishwa. Ukumbi tumeuona na tumeupenda ila haujalipiwa, kwotesheni iko mezani kwa mhasibu tangu Jumatano. Na kazi zangu za kila siku hakuna aliyenipokea, barua, magari, mahudhurio ya wafanyakazi, vyote bado vyangu.

Nauliza vitu viwili. Kwanza nianze na kipi na kipi kisubiri. Pili siku yenyewe ratiba nipange vipi, maana mwaka jana nilikuwepo, chakula cha mchana kililiwa saa kumi kasoro robo, wazee wa watu wametoka mbali wana njaa, na kipindi cha maswali ya mawakala kikafutwa kabisa. Sitaki yajirudie mikononi mwangu.

Mama Kumbi amejibu:

Marhaba mdogo wangu, na pole. Nimefanya kazi hii ya mikutano ya makampuni miaka mingi, nimeanza nikiwa karani kama wewe, kwaiyo nakuelewa vizuri sana.

Fulana ziache kwanza. Chukua karatasi ugawe kazi zako mafungu mawili, kazi za kufanya na kazi za kusubiri. Kazi za kufanya ni zile ukikaa mwenyewe na kompyuta yako au ukienda Kariakoo unazimaliza, beji, orodha ya meza, kuandika ratiba, kuchagua maua. Kazi za kusubiri ni zile ambazo lazima mtu mwingine asaini, alipe, akubali au akutumie kitu. Sasa watu wengi, na wewe wiki iliyopita ndio ulichofanya, wanaanza na za kufanya kwa sababu zinaonekana na zinapendeza, alafu za kusubiri zinaanza wiki ya nne na hapo hata ukilala ofisini huwezi kumsukuma mtu ambae kasafiri. Za kusubiri zote zianze wiki hii. Zote. Hata kama taarifa hazijakamilika, anzisha, utarekebisha zikiwa njiani.

Kubwa kuliko zote ni njia ya hela. Kesho asubuhi nenda kwa mhasibu, nenda kwa miguu usitume imeili, kaa nae muulize: kwotesheni ikitoka kwangu inapita kwa nani na nani, LPO (ile oda rasmi ya manunuzi ya kampuni) anasaini nani, malipo yanatoka siku gani ya wiki, mtoa huduma mpya anachukua siku ngapi kuingizwa kwenye mfumo, na kati ya wanaosaini nani anasafiri kati ya sasa na mwisho wa Novemba. Andika majibu. Mimi niliwahi kupoteza ukumbi kwa sababu hii hii, tumeshakubaliana kila kitu kwa mdomo, hundi ya advansi inataka saini mbili na mwenye saini ya pili yuko safarini siku kumi, ukumbi ukawapa watu wa sendoff ambao walikuja na hela taslimu. Tulihama zimebaki siku 9, kadi zote zimeshachapishwa na jina la ukumbi wa zamani. Nililia chooni siku ile. Na Jumamosi na Ijumaa za mwezi wa 11 na wa 12 hapa Dar kumbi zinagombaniwa na harusi, mahafali, sherehe za mwisho wa mwaka za maofisi, kwaiyo hakuna atakaekushikia kwa sababu umempigia simu vizuri. Waombe wakubali barua ya kampuni au LPO wakushikie tarehe mpaka siku fulani, wengi wanakubali ukiwaandikia rasmi, alafu hela ifuate.

Na watoa huduma wako waambie mapema kwamba ofisi yako inataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na itakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma. Inaonekana kitu kidogo lakini mpambaji akiona advansi imeingia pungufu na hakuambiwa, anasimamisha kazi mpaka mgombane mpatane, na hizo ni siku mbili zimekwenda. Kwotesheni ije imeshaonyesha kama kuna VAT ya asilimia 18 au hakuna, la sivyo itarudishwa kutoka uhasibu na unaanza upya kwenye foleni.

Baada ya hapo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli, usihesabu kwenda mbele. Ukumbi na mpishi watataka idadi ya mwisho kama siku 7 kabla. Ili uwe na idadi siku 7 kabla lazima uwe umeshawapigia simu watu wote siku kumi kabla. Ili uwapigie wawe wanajua unaongelea nini, mwaliko uwe umewafikia wiki nne kabla. Kwaiyo barua ya mwaliko ni ya wiki hii mdogo wangu, wiki hii hii, hata kama jina la mgeni rasmi halijapatikana andika mgeni rasmi bila jina.

Tuzo ndio mtego mwingine. Vile vya kioo vinachongwa jina, na jina linatoka kwenye takwimu za mauzo, na watu wa mauzo watakwambia subiri mwezi uishe, wakimaliza watasema subiri tuhakiki. Mwambie bosi wako atangaze sasa kwamba mauzo yanayohesabiwa yanaishia tarehe 31 Oktoba, na majina yanakufikia tarehe 10 Novemba yakiwa yameandikwa kama mtu mwenyewe anavyoandika jina lake. Litoke kwa bosi kwa maandishi, likitoka kwako halitasikilizwa.

Arusha_Kijenge amejibu:

Mi naona mnampa dada wa watu mzigo mkubwa bure. Wiki 6, watu 220, kazi zake nyingine bado anazo, hapo dawa ni kampuni ya kuandaa shughuli tu, unampa bajeti yeye anahangaika na ukumbi, saundi, mapambo, chakula, wewe unabaki kusimamia. Sisi ofisini kwetu tumefanya hivyo miaka mitatu sasa na nalala usingizi.

Mama Kumbi amejibu:

Kijenge nakuheshimu kaka yangu na mimi mwenyewe nakula kwa kazi hiyo hiyo, ila hapa muda ushapita kidogo. Kumpata huyo mtu nae ni kwotesheni tatu, kikao cha kuchagua, LPO na mkataba, hiyo ni wiki mbili kwenye ofisi nyingi. Na hata akipatikana hawezi kumpigia wakala wa Sumbawanga kumuuliza anakuja na nani, hawezi kumbana meneja mauzo atoe majina ya washindi. Zile kazi za kusubiri zinabaki kuwa za huyu binti. Ningekuwa yeye ningechukua mtu mmoja wa siku tatu za mwisho tu, wa kusimamia ukumbini, na ningeomba kwa bosi kwa maandishi mtu wa kushika magari na mahudhurio kwa mwezi mmoja. Hilo la pili usilione aibu mdogo wangu, omba kesho.

MC wa Ubungo amejibu:

Hilo swali la pili naomba nilijibu mimi maana ndio kazi yangu, ninasimama na maiki karibu kila wiki na nimeona chakula cha mchana kikiliwa saa kumi mara nyingi kuliko nilivyoona kikiliwa saa saba.

Muda wa shughuli ya kampuni unaliwa sehemu nne na zote zinajulikana kabla. Ya kwanza ni utambulisho. Kila anayeshika maiki anaanza upya, mheshimiwa mgeni rasmi, mkurugenzi mtendaji, wajumbe wa bodi, mabibi na mabwana itifaki imezingatiwa, alafu anataja tena mmoja mmoja. Mwambie MC wako watu wa meza kuu atawatambulisha yeye mara moja tu, na kila mzungumzaji aambiwe siku moja kabla kwamba utambulisho umeshafanyika. Makundi mengine wasimame kwa mkoa, Mbeya simameni tuwaone, Mwanza simameni, inapendeza na ni dakika sita.

Ya pili ni bafe, na hii ni hesabu tu. Mtu mmoja anachukua kama nusu dakika kupita mbele ya vyakula. Watu 220 kwenye mstari mmoja ni dakika 110, yani karibu masaa mawili, na ndio maana unaona wa mwanzo wameshamaliza kula wanasinzia wa mwisho hajashika sahani. Weka meza mbili za bafe zisogezwe kutoka ukutani ili watu wapite pande zote mbili, umepata mistari minne, unamaliza ndani ya nusu saa. Mwandikie mpishi hilo kwenye LPO, idadi ya mistari, kwa sababu mistari zaidi inataka wahudumu zaidi na vyombo zaidi nae lazima ajue mapema.

Ya tatu ni tuzo. Unasema ni ngapi? Kama ni 24, mtu akiitwa anatoka meza ya nyuma kabisa, anapita anasalimiana, anapokea, picha, anarudi, hiyo ni dakika mbili kwa kila mtu, dakika 48 zimeisha. Washindi wakikaa meza za mbele na wakapangwa wamesimama watatu watatu pembeni ya steji wakati mwenzao anapokea, inakuwa dakika moja moja.

Ya nne ni mgeni rasmi. Hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu ndipo mikutano mingi inapokufa. Mgeni rasmi wa serikali ana mambo yake, anaweza kuitwa bungeni Dodoma au kikao kingine asubuhi hiyo hiyo na hakuna wa kumlaumu. Kosa ni kuifunga ratiba nzima kwake, watu 220 wamekaa wanasikiliza muziki masaa mawili kwa sababu mkutano hauwezi kuanza hajafika. Usimpe kufungua, mpe jioni, kutoa tuzo. Asubuhi mkurugenzi wenu afungue mwenyewe saa tatu kamili. Na barua ya wizarani iende wiki hii, na uombe jina la msaidizi wake utakaekuwa unawasiliana nae, na umuulize mapema akishindwa nani atamwakilisha.

Kuna jingine dogo ambalo limewahi kuniharibia. Saa. Andika kwenye kila karatasi saa 2:00 asubuhi, saa 11:00 jioni, neno asubuhi na jioni lisikosekane, na kama una wageni wa nje au wafanyakazi wanaofuata saa ya Kiingereza kwenye simu zao waandikie ratiba yao kwa Kiingereza tofauti usichanganye kwenye karatasi moja. Niliwahi kufanya kazi tukamwandikia mwenye jenereta afike saa 11, sisi tunamaanisha alfajiri, yeye akafika saa tano asubuhi kwa sababu kwenye simu yake kumi na moja ndio hiyo. Mkutano umeshaanza bila umeme wa akiba na tulikuwa tunaomba Mungu tu.

Na kwa vile ni Ijumaa, chakula cha mchana kiwe saa sita na nusu mpaka saa nane. Waislamu waende swala ya Ijumaa warudi wakute chakula chao kimehifadhiwa, ujue msikiti wa karibu na ukumbi uko wapi na uutaje kwenye tangazo la asubuhi. Ukiweka mada muhimu saa saba mchana siku ya Ijumaa umewakosesha nusu ya ukumbi.

fundi_wa_maiki amejibu:

Naongezea upande wetu mafundi kwa kifupi. Muulize mwenye ukumbi Alhamisi usiku kuna shughuli gani, hili watu hawaulizi kabisa, unalipia ukumbi wa Ijumaa unajua utafunga vitu Alhamisi mchana kumbe Alhamisi kuna shughuli ya watu mpaka saa sita usiku, wakimaliza waanze kutoa mapambo yao, mimi naanza kufunga spika saa nane usiku na projekta inajaribiwa saa mbili asubuhi watu wanaingia, hapo kitu kikigoma hakuna muda wa kukimbilia kingine, kwaiyo kama kuna shughuli Alhamisi ama ulipie nusu siku ya nyongeza ama ujue mapema na uniambie nije na vijana wengi. Alafu slaidi zote zikusanywe Jumatano kwenye flashi moja na nakala kwenye laptop moja, kila mtu akija na laptop yake ni dakika tano za kuchomeka waya mara wazungumzaji nane ni dakika 40 umezipoteza kwa waya tu. Na chakula cha jioni kama mnataka kufanya bustanini kumbuka mwezi wa 11 ni vuli, tenti lilipiwe tangu mwanzo usisubiri uangalie mawingu.

Wanjiru wa Thika amejibu:

Hamjambo, mimi ni wa Kenya lakini hii kazi nayo ni ile ile. Mambo ya kuthibitisha wageni, usingoje watu wajibu mwaliko, wengi hawajibu na si kwa ubaya, mtu ako na duka lake na wateja. Sisi tulikuwa tunatuma fomu ya mtandaoni tunapata theluthi tu ya majibu. Siku hizi tunagawa majina, watu wanne kila mmoja majina hamsini, wanapiga simu kati ya saa nne na saa sita asubuhi kwa siku mbili, na kila mmoja ana maswali matatu pekee: unakuja, unafika lini na kwa usafiri gani, kuna chakula usichokula. Siku mbili umemaliza kitu ambacho kingekusumbua wiki tatu. Na lile grupu la WhatsApp dada, fanya liwe la matangazo tu, wewe pekee uandike, maswali wakuletee kwa simu.

BintiTandika amejibu:

Jamani asanteni sana, nimesoma mara tatu na nimechapisha nimebandika ukutani.

Nimeenda kwa mhasibu kama Mama Kumbi alivyoniagiza. Kumbe kutoka kwotesheni mpaka hela kutoka ni siku 12 za kazi, malipo yanatoka Alhamisi tu, na mkurugenzi wa fedha anasafiri wiki ya kwanza ya Novemba. Angeondoka hajasaini ningekuwa nimekwisha. Kwotesheni ya ukumbi ilikuwa imekaa pale kwa sababu ilikosa TIN (namba ya mlipakodi), hakuna aliyenambia. Ukumbi wamekubali barua ya kushikilia tarehe. Na nimeuliza kuhusu Alhamisi usiku, ni kweli kuna shughuli ya watu, fundi umeniokoa.

Vikao vya kamati nimeomba viwe kimoja kwa wiki, Jumatatu nusu saa, tukiwa tumesimama. Wengine wamenuna ila bosi kakubali.

Swali lililobaki ni la mawakala wenyewe, wanaotoka mbali tuwalete lini? Kuna wanaosema wafike Ijumaa asubuhi hiyo hiyo kuokoa hela za hoteli.

Wakala Mbeya amejibu:

Mimi ni wakala wa vifaa vya ujenzi huku Mbeya, si lazima wa kampuni yenu, nahudhuria mikutano hii kila mwaka ya makampuni mawili au matatu. Naomba niseme kwa niaba ya tunaoalikwa maana huwa tunapangiwa muda na hakuna anaetuuliza.

Mbeya Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Mtu akitoka asubuhi anaingia stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku. Ukimwambia afike Ijumaa asubuhi maana yake alale ndani ya basi, aingie mkutanoni hajaoga, na mada zenu zote atazisikia kwa sikio moja. Mwanza ni mbali zaidi, hao ni zaidi ya kilomita 1,100. Wa Morogoro na Dodoma hao sawa, tangu treni ya SGR ianze 2024 anaweza kutoka Dodoma alfajiri ila hata hao tiketi zikatwe mapema. Sisi wengine tuleteni Alhamisi, mtu afike, aoge, alale.

Alafu mtuambie wiki tatu au nne kabla kwa sababu duka halijifungi. Mimi nikiondoka siku tatu lazima nimtoe mdogo wangu Tunduma aje akae dukani, na Ijumaa na Jumamosi ndio siku za mafundi kulipwa, ndio siku tunazouza. Kampuni ikinipigia simu siku nne kabla naelewa kwamba muda wangu hauhesabiki.

Nauli ya kurudishiwa mtulipe siku hiyo hiyo, mchana, kwa orodha ya mkoa. Usiwaweke watu wazima foleni saa tano usiku.

Na la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Umesema mwaka jana kipindi cha maswali kilifutwa. Dada yangu, hicho kipindi ndicho tunachokijia. Chakula tunakula hata nyumbani. Mimi nasafiri siku nzima kwa sababu nataka kumuuliza mkurugenzi ana kwa ana kwanini mzigo wa mwezi wa saba ulichelewa wiki tatu, kwanini bei ilipanda bila taarifa, kwanini ndoo zinafika zimepasuka na fidia hailipwi. Mwaka mzima naongea na afisa mauzo ambae hana mamlaka. Siku moja tu kwa mwaka mwenye mamlaka anakaa mbele yangu, na siku hiyo inaishia kwenye hotuba na video ya kampuni. Kama muda ni mdogo kata video, kata shukrani, kata hata burudani, maswali yabaki.

MC wa Ubungo amejibu:

Mzee wa Mbeya umenena, na mimi nilipaswa kuanzia hapo. Binti, weka maswali asubuhi baada ya mada ya mkurugenzi, saa nne na nusu mpaka saa sita, kabla ya chakula. Kitu kikiwa mwisho wa ratiba ndicho kinacholipa deni la kila aliyechelewa kabla yake. Na maswali yakusanywe wakati mnawapigia simu za kuthibitisha, ongeza swali la nne kwa yale matatu ya dada wa Kenya, unataka kumuuliza nini mkurugenzi. Uyapange, umpe mkurugenzi Jumatano, aje na majibu yenye tarehe na tarakimu.

BintiTandika amejibu:

Wakuu nimeleta mrejesho kama nilivyowaahidi baadhi yenu, mkutano umefanyika juzi Ijumaa.

Tulifungua saa tatu na dakika tano. Maswali yalianza saa nne na nusu, tulikuwa tumekusanya 61 kwenye simu, mengi yanafanana tukayapanga mafungu sita, na yalipoisha ya kwenye orodha watu wakaendelea kunyoosha mikono mpaka saa sita na robo. Mkurugenzi wa usambazaji alisimama akasema mbele ya wote kwamba ndoo zilizopasuka zitafidiwa ndani ya siku 14 wakala akituma picha siku ya kupokea mzigo. Ukumbi mzima ulipiga makofi, mimi niko mlangoni na kalamu yangu machozi yananitoka.

Chakula mistari minne, saa saba na dakika tano wa mwisho alikuwa ameshakaa. Waliotoka kuswali walikuta meza yao. Mgeni rasmi hakuja, asubuhi msaidizi wake alipiga simu kwamba ameitwa Dodoma, ila mwakilishi wake tulikuwa tumeshamjua jina na tumeshamtumia ratiba, alifika amechelewa dakika 50 na hakuna kilichosimama kwa sababu alikuwa wa jioni. Mafundi walifunga spika kuanzia saa saba usiku, fundi wa hapa kwetu nilimwambia mapema akaja na vijana sita. Mvua ilinyesha saa moja jioni na tenti lilikuwepo.

Yaliyonishinda ni mawili. Nauli tulipanga kulipa saa nane mchana lakini hela kutoka benki ilifika saa kumi na moja, sahihi ya mwisho ilichelewa, kwaiyo mikoa minne ya mwisho walilipwa saa tatu usiku kwenye ngazi za ukumbi na nimewaomba radhi mmoja mmoja. Mwakani hiyo hela nitaiombea Alhamisi. La pili ni tuzo moja, ya wakala wa Songea, jina la baba yake lilichongwa vibaya herufi mbili. Orodha ya mauzo ndiyo ilikuwa na makosa na mimi sikuihakiki kwa mwenyewe kwenye simu, nilihakiki nyingine zote hiyo nikairuka kwa sababu siku ile simu yake haikuwa hewani. Alipokea steji akaiangalia akanyamaza. Nimemfuata mezani nikamwomba aniachie, imeshapelekwa kuchongwa upya na inapanda basi la Songea Jumatano, nimemtumia namba ya basi.